Umealikwa Ulaya wakati wa baridi na moyo unasita? Haya ndiyo ya kupima kabla ya kujibu

Kila mwaka kahawa ikishaanza kuuzwa na watu wakianza kusafisha mashamba, kuna wasikilizaji wetu wa Mbinga na Nyasa wanaopata ujumbe wa WhatsApp au barua kutoka Ujerumani. Marafiki waliowahi kufika parokiani, shuleni au hospitalini kwetu wanasema: safari hii ni zamu yenu, njooni mle Krismasi na sisi.

Vijana wengi wanaposikia hivyo hurukaruka kwa furaha. Watu wazima wengi hawaruki. Wanashukuru, wanakaa kimya, kisha wanaanza kuhesabu: shamba, fedha, baridi, afya, watu watasema nini. Wengine wanaona aibu kusita, kana kwamba kusita ni kukosa shukrani.

Sisi tunaona kusita huko kuna sababu za maana, na kila sababu inastahili jibu lake. Katika makala hii tunaeleza mialiko hii inatoka wapi, kwa nini inaangukia wakati mgumu kwa mkulima, karatasi gani zinatakiwa, baridi yenyewe ikoje, na namna ya kukataa au kuomba mwezi mwingine bila kuvunja urafiki.

Urafiki huu umetoka wapi?

Jimbo Katoliki la Mbinga lilizaliwa mwaka 1986 kutoka Songea. Tangu mwaka 1989 lina ushirikiano na Jimbo la Würzburg, lililoko kaskazini mwa mkoa wa Bavaria nchini Ujerumani. Kutokana na ushirikiano huo, parokia zimepata parokia rafiki, shule zimepata shule rafiki, na wageni wamekuwa wakija na kwenda. Kahawa ya Mbinga nayo imefika Würzburg, ambako inauzwa kwa jina la Partnerkaffee, yaani kahawa ya washirika.

Mji huo una urafiki mwingine na Tanzania ulio wa zamani zaidi: Würzburg na Mwanza ni miji dada tangu mwaka 1966.

Mizizi ya uhusiano huu ni mirefu kuliko miaka hiyo. Wamisionari Wabenediktini kutoka Bavaria walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Abasia ya Münsterschwarzach, ambayo haiko mbali na mji wa Würzburg, ni ya shirika hilohilo, na watawa wake kadhaa wamefanya kazi katika mkoa wetu.

Kwa hiyo ukipata mwaliko kutoka kule, kwa kawaida si jambo la ajabu. Lakini tofautisha mambo mawili. Rafiki uliyemkaribisha nyumbani kwako, aliyekula ugali wako na anayejulikana parokiani, ni rafiki. Mtu uliyekutana naye kwenye simu tu, anayesema atakualika ila kwanza utume fedha ya fomu, huyo ni tapeli. Ujerumani haimtozi mgeni fedha ya kualikwa.

Kwa nini mwaliko unakuja wakati wa kupanda?

Hili ndilo linalowasumbua wengi, na mara nyingi wenyeji wa kule hawalijui. Kwao Desemba ni mwezi wa kupumzika. Ardhi imelala, ofisi na shule zinafungwa kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya, na ndugu wanakaa nyumbani. Wanakualika wakati huo kwa sababu ndipo wanapokuwa na nafasi ya kukaa nawe.

Kwetu ni kinyume. Umatengo tunapanda mahindi juu ya matuta ya ngoro Novemba na Desemba, mvua zikishaanza. Januari na Februari ni palizi na mbolea. Anayeondoka tarehe 15 Desemba na kurudi mwishoni mwa Januari amekosa wiki ambazo mahindi hayamsubiri mtu. Kule ziwani wavuvi wanaolima mihogo na mpunga nao wana hesabu zao.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufikiria ndege ni hili: nani atapalilia? Wiki sita za kibarua shambani ni gharama halisi ya safari, hata kama tiketi amelipa mwenyeji. Iandike kwenye karatasi. Panga pia nani atakuchukulia mbolea ya ruzuku, kwa kuwa mbolea hiyo hutolewa kwa namba ya usajili ya mkulima mwenyewe. Muulize wakala na mtendaji wa kijiji mapema utaratibu ukoje kwa asiyekuwepo.

Kama watoto wako ni wakubwa na wapo nyumbani, hesabu hii inaweza kuwa nyepesi. Kama ni mjane mwenye ekari mbili na wajukuu, inaweza kuwa nzito kuliko nauli. Hapo hakuna aibu kusema Desemba haiwezekani.

Shamba linalokuzuia ndilo litakalokutetea

Sasa tuje kwenye viza. Ujerumani ni mojawapo ya nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja, inayoitwa viza ya Schengen. Kwa kutembelea marafiki, viza hiyo inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180.

Afisa wa ubalozi anayepokea maombi yako ana maswali mengi, lakini moja ndilo kubwa: je, utarudi? Watu wengi wananyimwa kwa sababu karatasi zao hazikulijibu swali hilo. Wengine wanajidanganya wenyewe. Wanaficha kwamba ni wakulima, wanajiita wafanyabiashara, wanaweka fedha za kuazima benki wiki moja kabla ya kuomba. Afisa akiona akaunti iliyokuwa tupu mwaka mzima imejaa ghafla, anatia shaka zaidi.

Mambo yanayokufanya usite kuondoka ndiyo yanayothibitisha kwamba utarudi. Mibuni yako, ngoro zako, mtumbwi wako, mke au mume, watoto walio shuleni, nafasi yako katika kikundi au kanisani: hivyo vyote vinakuvuta nyumbani. Visiache vikakuvuta moyoni tu. Viweke kwenye karatasi:

- Hatimiliki ya kimila ya shamba, au barua ya serikali ya kijiji inayoeleza shamba lako liko wapi na lina ukubwa gani.
- Stakabadhi za AMCOS zinazoonyesha kilo za kahawa ulizopeleka na malipo uliyopata, za msimu huu na za nyuma.
- Leseni ya uvuvi au ya chombo, kwa watu wa Liuli, Lituhi, Mbamba Bay na vijiji vingine vya ziwani.
- Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
- Kama umeajiriwa, barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo na unatarajiwa kazini tarehe fulani.
- Taarifa ya benki au ya simu ya miezi iliyopita, kama ilivyo, bila kuipamba.

Mkulima anayesema "nitarudi tarehe 12 Januari kwa sababu palizi ya pili inaanza" amejibu swali la ubalozi vizuri kuliko anayesema "napenda sana nchi yangu."

Karatasi na muda wake

Anza na pasipoti. Pasipoti ya kielektroniki ya kawaida inagharimu shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Unajaza maombi kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji na kulipa kwa namba ya malipo ya serikali, kisha unawasilisha nyaraka. Kwa mkoa wetu ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko Songea. Utahitaji kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, na ushahidi wa uraia wa mzazi. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo miezi hupotea. Usisubiri mwaliko ufike ndipo uanze kukitafuta.

Kwa viza, pasipoti lazima iwe na angalau miezi mitatu zaidi ya siku utakayotoka Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu lifike siku 45. Anayetaka kula Krismasi kule afanye maombi yake Septemba au Oktoba, na miadi aitafute mapema zaidi.

Mwombaji anafika mwenyewe Dar es Salaam, kwa sababu anachukuliwa alama za vidole. Alama hizo hutunzwa kwa miezi 59, hivyo ukiomba tena ndani ya muda huo mara nyingi hutachukuliwa upya. Kwa mtu wa Mbamba Bay, barabara ya lami ya kilomita 66 hadi Mbinga imerahisisha mwanzo wa safari, lakini kutoka Songea hadi Dar es Salaam bado ni siku nzima ndani ya basi. Weka nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala, kwenye hesabu yako.

Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima, zaidi ya shilingi 200,000. Haurudishiwi ukikataliwa. Bima ya safari nayo ni lazima, na lazima iweze kulipa matibabu ya hadi yuro 30,000.

Sehemu ya mwenyeji ni barua ya mwaliko na hati ya dhamana. Hati hii anaisaini katika ofisi ya wageni ya mji wake, baada ya kuonyesha kipato chake. Kwa kusaini, anaahidi serikali yake kwamba atalipia maisha yako ukiwa kule, hata matibabu na gharama za kukurudisha ikibidi. Ni mzigo mzito kisheria. Mtu akikusainia hati hiyo amekuamini sana, na ukibaki kule kinyume cha viza deni linamwangukia yeye. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaoshawishiwa na ndugu kwamba "ukishafika, usirudi." Atakayeumia kwanza ni rafiki aliyekukaribisha, na wa pili ni mtu mwingine wa parokia yako atakayealikwa baadaye.

Ukikataliwa, utapewa karatasi yenye sababu. Isome, au tafuta mtu akusomee. Unaweza kuomba upya ukiwa na ushahidi bora zaidi, ila utalipa ada tena. Wala usimpe pasipoti au fedha mtu anayedai ana jamaa ubalozini. Viza hainunuliwi kwa wakala, na shamba lililouzwa kwa ajili ya viza halirudi.

Baridi yenyewe ikoje?

Watu wa Umatengo mnajua baridi. Milima yenu inapanda hadi karibu mita 2,000, na Juni na Julai mnaota moto jioni na kufunga madirisha. Watu wa mwambaoni hamna mazoea hayo. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Desemba huku chini ni joto la kulala nje.

Würzburg, Desemba na Januari, joto huzunguka karibu na nyuzi sifuri. Maji yaliyosimama yanaweza kuganda usiku. Theluji inaweza kuanguka au isianguke kabisa. Msafiri aliyeahidiwa theluji akaikuta mvua nyembamba ya siku tano asishangae.

Ila baridi hiyo iko nje tu. Ndani ya nyumba, basi, treni, duka na kanisa, sehemu kubwa kuna mitambo ya kupasha joto. Mzee wa Litembo anaweza kuona nyumba ya Mjerumani mwezi Januari ina joto kuliko nyumba yake mwezi Julai. Tatizo ni kuingia na kutoka. Ndiyo maana watu wa kule huvaa nguo nyingi nyembamba, moja juu ya nyingine, ili wazivue wakiingia na kuzivaa wakitoka.

Orodha ya kutosha ni hii: fulana mbili za mikono mirefu za kuvaa ndani, sweta ya sufu, koti refu lisilopitisha upepo, kofia inayofunika masikio, skafu, glavu, soksi za sufu, na viatu vilivyofunika kifundo, vyenye soli ya meno. Usinunue vyote. Makoti na masweta mazito yapo kwenye mitumba ya gulioni Mbinga kwa bei ya chini, kwa sababu huku wanunuzi wake ni wachache, na mengi yametoka hukohuko Ulaya. Viatu mwombe mwenyeji akukopeshe. Mtumie namba ya mguu wako. Mwombe pia aje na koti uwanja wa ndege.

Hatari kubwa kuliko ubaridi ni kuteleza. Barafu nyembamba juu ya lami haionekani, na mfupa wa mzee ukivunjika safari imeisha. Tembea hatua fupi, kama bata, mikono iwe nje ya mifuko. Wenye nyumba kule wana wajibu wa kuondoa theluji mbele ya nyumba zao, lakini asubuhi na mapema wengine bado hawajatoka.

Hewa ya ndani hukausha ngozi na midomo. Mafuta ya mgando unayotumia kila siku yanatosha. Beba ya kutosha.

Giza linalochosha kuliko baridi

Wengi huuliza kuhusu baridi, ni wachache wanaouliza kuhusu mwanga. Kwetu jua halibadiliki sana mwaka mzima. Würzburg, siku za Krismasi, jua linachomoza yapata saa 2 na dakika 10 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 na nusu jioni. Ni kama saa 8 tu za mchana, na siku nyingi kuna mawingu. Mtu aliyezoea kuamka na jogoo anaamka gizani na kukaa gizani zaidi ya saa mbili.

Hali hiyo inaweza kuleta uvivu, usingizi na huzuni isiyo na sababu. Hata wenyeji wanaipata. Dawa yake ni kutoka nje kila mchana, hata nusu saa, kukiwa na mwanga.

Kuhusu saa, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Wakati wa baridi Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili: Mbinga ikiwa saa 2 usiku, Würzburg ni saa 12 jioni. Piga simu nyumbani ukijua hilo. La pili, wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mwenyeji akisema "saa nane asubuhi" kwa hesabu yake, ni saa 2 asubuhi yetu. Kwa tiketi ya treni au ndege, fuata tarakimu zilizoandikwa na usitafsiri kichwani. Na treni haimsubiri aliyechelewa dakika moja.

Homa ikikupata kule, sema neno moja

Tunaomba sehemu hii muisome mara mbili. Vimelea vya malaria vinaweza kuwa mwilini mwako ukipanda ndege, na homa ikakushika wiki moja au mwezi baadaye ukiwa Ulaya. Wakati wa baridi watu wengi kule wana mafua makali yenye homa na maumivu ya viungo. Daktari asiyejua umetoka wapi anaweza kukupa dawa ya kutuliza na kukwambia ulale. Malaria haitakusubiri ulale.

Ukipata homa, mwambie mwenyeji na daktari siku hiyohiyo: nimetoka Tanzania, nipimeni malaria. Neno malaria ni lilelile kwa Kijerumani. Namba ya dharura ni 112.

Kama unatumia dawa za presha, sukari au nyinginezo, beba za kutosha safari nzima, kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Bima nyingi za safari hazilipii ugonjwa uliokuwa nao kabla. Na kama ndege yako inapita nchi yenye homa ya manjano na utakaa hapo zaidi ya saa 12, kadi ya chanjo utaulizwa ukirudi Tanzania.

Zawadi: embe libaki, kahawa iende

Hatuendi kwa mtu mikono mitupu. Lakini forodha ya Ulaya ina masharti yake, na anayekutwa na kitu kilichokatazwa hunyang'anywa na anaweza kutozwa faini.

Nyama na maziwa, hata nyama iliyokaushwa, haviingii. Matunda mabichi hayaingii bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama ndizi, nanasi, nazi na tende. Embe za Mbamba Bay, ambazo Desemba ndizo zimeiva, zibaki nyumbani. Samaki kwa matumizi binafsi wanaruhusiwa hadi kilo 20, hivyo usipa wakavu waliofungwa vizuri wanaweza kwenda. Fikiria tu harufu ndani ya begi.

Kahawa iliyokaangwa ya shambani kwako, pakiti chache, ndiyo zawadi bora. Mwenyeji anayeinunua dukani kila mwezi hajawahi kupewa na mkono ulioichuma. Mwonyeshe kwenye simu picha ya mibuni ilikotoka.

Ukiwa nyumbani kwa watu

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule jembe ni kusafisha vyombo, kutandika kitanda chako na kuvua viatu mlangoni. Baada ya sikukuu wenyeji wanarudi kazini, na utabaki mwenyewe mchana. Usidhani wamekuchoka. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo mahitaji yanunuliwe Jumamosi. Mkesha wa Krismasi, jioni ya tarehe 24, ndio sikukuu kubwa ya familia kuliko tarehe 25.

Omba upelekwe kwenye mashamba ya mizabibu kwenye vilima vya mto Main. Baada ya Mwaka Mpya wakulima wa kule wanapogoa mizabibu yao, mkono mmoja na mkasi, tawi kwa tawi. Aliyewahi kupogoa mibuni ataelewa kazi hiyo bila mkalimani, na mazungumzo ya bei, wadudu na mvua iliyobadilika yatajiendesha yenyewe.

Kuna mazungumzo mengine magumu zaidi. Mkoa wetu ulichomwa moto na kushindishwa njaa katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na Chifu Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na ukoo wake na kuomba msamaha. Ukoo huo bado unatafuta fuvu la babu yao. Wapo wazee wanaosita kwenda Ujerumani kwa sababu hiyo, na hatuwezi kuwaambia wanakosea. Tunachoweza kusema ni kwamba Wajerumani wengi hawakufundishwa habari hizi shuleni. Mgeni kutoka Ruvuma akizieleza mezani kwa utulivu, anafanya kazi ambayo vitabu vyao havikuifanya.

Namna ya kusema hapana, au si sasa

Rafiki wa kweli anapendelea jibu la wazi kuliko kimya. Wageni wa kule wanaona kimya chetu kuwa dharau, wakati sisi tunanyamaza kwa heshima. Andika hivi: tunashukuru, Desemba ni mwezi wa kupanda, hatuwezi kuacha shamba.

Kisha pendekeza mwezi mwingine. Kwa mkulima wa Umatengo, Mei ni mwezi mzuri: ngoro mpya zimechimbwa na maharage yamepandwa Machi, mahindi bado hayajavunwa, na kahawa haijaanza kuchumwa kwa wingi. Na Mei kule miti imechanua, giza linaingia usiku, na koti zito halihitajiki. Kama lazima iwe wakati wa baridi, wiki tatu zinatosha badala ya sita, na tiketi za katikati ya Januari kwa kawaida ni nafuu kuliko za Krismasi.

Kabla ya kujibu lolote, kaeni kikao cha familia. Andikeni nani atapanda, nani atapalilia, nani atamlisha mgonjwa kama yupo, na fedha kiasi gani itabaki nyumbani. Kama kila mstari una jina la mtu mbele yake, nenda na moyo mweupe. Kama kuna mstari usio na jina, umeshajua cha kumjibu rafiki yako.